Chombo cha angani kilichokwama Bahrain kina somo kwetu watu wa mpakani

Sisi tunaofanya biashara za mpakani tuna swali moja ambalo karibu linatangulia salamu: "Ni original au ni feki?" Tunaliuliza kwenye simu, kwenye vitenge, kwenye vipuri vya pikipiki, hata kwenye dawa za mifugo. Ni swali zuri na limetuokoa na hasara nyingi. Lakini leo naomba ruhusa ya wasomaji niseme kwamba swali hilo peke yake halitoshi, na kwamba mara nyingine linatupotosha kabisa. Ushahidi wangu ni chombo kimoja cha angani ambacho hakikuwahi kufika angani hata siku moja, lakini kimevuka bahari nyingi kuliko wengi wetu.

Tuanze na historia yake, maana wapo vijana ambao hawakuikuta. Enzi za Umoja wa Kisovyeti, Warusi waliunda chombo kilichoitwa Buran. Kilifanana sana na vile vya Wamarekani vilivyokuwa vikipanda angani kwa roketi na kurudi ardhini kama ndege. Tarehe 15 Novemba 1988, Buran ilirushwa kutoka Baikonur, mahali ambapo leo ni nchi ya Kazakhstan. Ikaizunguka dunia mara 2, kisha ikarudi na kutua yenyewe bila rubani wala mtu yeyote ndani. Dunia ilishangaa. Safari ile ilikuwa ya kwanza na ndiyo ilikuwa ya mwisho. Umoja wa Kisovyeti ulivunjika mwaka 1991, fedha zikakauka, na mwaka 1993 mradi ukafungwa.

Sasa, kabla ya Buran kupelekwa angani, Warusi walihitaji chombo kingine cha kujaribia. Huwezi kumpa dereva lori jipya lenye mzigo wa watu ajifunzie kwenye mlima wa Bugarama. Kwa hiyo waliunda ndugu yake Buran, mwenye umbo lile lile na ukubwa ule ule, urefu wa mita 36 na ushee, wakampa jina la OK-GLI. Huyu aliwekewa injini 4 za ndege nyuma ili aweze kuruka kutoka uwanjani kama ndege ya kawaida. Kati ya mwaka 1985 na 1988 aliruka mara zipatazo 25, marubani wakiwa ndani, wakijifunza namna ya kukishusha chombo kizito chenye mabawa mafupi. Mitambo ya kutua yenyewe, ile iliyoishangaza dunia Novemba 1988, ilijaribiwa kwanza ndani ya huyu ndugu.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Yule tunayemwita mfano ndiye aliyemfundisha yule halisi kutua. Na tena mfano aliweza jambo ambalo mwenziwe hakuliweza. Buran ilipelekwa juu kwa roketi, haikuwa na nguvu ya kuondoka uwanjani yenyewe. OK-GLI aliondoka kwa injini zake.

Je, yaliwapata nini wawili hawa baada ya mradi kufungwa? Buran, chombo halisi kilichoizunguka dunia, kilibaki Baikonur ndani ya banda kubwa ambalo halikuwa likitunzwa inavyostahili. Tarehe 12 Mei 2002 paa la banda lile liliporomoka. Wafanyakazi waliokuwa wakilitengeneza walipoteza maisha, na Buran ikapondwa chini ya vifusi. Original ilikufia nyumbani kwake, kwenye nchi iliyoirusha, kwa sababu ya paa.

Nakala nayo ilikuwa ikihangaika baharini. Kampuni moja ya Australia iliikodi, ikasafirishwa kwa meli hadi Sydney, na mwaka 2000, mwaka wa michezo ya Olimpiki, ikawekwa karibu na maji pale Darling Harbour ili watu walipe kiingilio na kuiona. Biashara haikwenda kama ilivyopangwa. Kampuni ikafilisika, na chombo kikaachwa nje kwenye jua na mvua, wahuni wakakiharibu hapa na pale. Baadaye kikapata mkodishaji mwingine, kikapakiwa tena melini, na mwaka 2002 kikafika Bahrain, kile kisiwa cha Ghuba, kwa ajili ya maonyesho ya tamasha la kiangazi.

Tamasha likaisha. Chombo hakikuondoka. Waliokikodi na Warusi waliokiunda wakashindwa kuelewana juu ya malipo, na mambo yakafika mahakamani. Mwaka 2004 waandishi wa habari wa Kijerumani walikikuta huko Bahrain kimelala nje, kimejaa vumbi, kikisubiri watu wenye karatasi wamalize ugomvi wao. Makumbusho ya ufundi ya Speyer, mji mdogo ulio kando ya mto Rhine kusini-magharibi mwa Ujerumani, yakataka kukinunua. Hata hivyo ilikuwa hadi mwezi Machi 2008 ndipo kilipopakiwa melini kuelekea Rotterdam. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 6 kisiwani.

Mfanyabiashara yeyote wa Kobero au Gatumba anayesoma habari hii tayari ameshaanza kutikisa kichwa, maana anaijua. Kilichokizuia chombo kile hakikuwa uzito, kwani meli zipo za kubeba mizigo mikubwa kuliko huo. Hakikuwa bahari, kwani bahari kilishaivuka. Kilizuiwa na mkataba. Kwa maneno mengine, kilizuiwa na swali dogo kabisa ambalo ofisa wa forodha humwuliza hata mama aliyebeba magunia 2 ya mchele: mwenyewe ni nani?

Nami yamenikuta. Mwaka 2011 mzigo wangu wa vipuri vya magari ulikaa bandarini wiki 5 kwa sababu wakala mmoja aliandika jina langu kwa herufi zisizo zangu katika hati ya meli. Vipuri vilikuwa original, risiti ninazo hadi leo. Storeji haikuuliza kama ni original au feki. Storeji ilihesabu siku.

Kutoka Rotterdam chombo kile kilihamishiwa kwenye tishali, yaani kile chombo bapa cha kubebea mizigo mtoni, kikaanza kupanda mto Rhine taratibu kuelekea Speyer. Ilikuwa Aprili 2008, na mimi wakati huo nilikuwa Köln katika shughuli hizo hizo za kutafuta vipuri vya kutuma nyumbani. Niliwaona watu wakielekea mtoni, nikafuata. Kingo zote mbili zilijaa: wazee na fimbo zao, watoto mabegani mwa baba zao, vijana na kamera. Kisha kikatokea: mwili mrefu mweupe, tumbo jeusi, kimelala juu ya maji kana kwamba kimechoka. Watu wakapiga makofi.

Pembeni yangu alikuwa ndugu mmoja wa Bukavu, tuliyefahamiana sokoni. Akanigusa bega, akaniuliza: "Kaka, hii kitu ilifika kule juu?"

Nikamjibu kwamba haikufika, iliyofika ilishapondwa na paa.

Akacheka. "Basi hawa watu banashangilia nini?"

Swali la yule ndugu ni zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia, na ndilo ninalotaka kulijibu hapa.

Jibu la kwanza: walikuwa wakishangilia kitu ambacho hakikuwadanganya. Tofauti kati ya nakala na feki tunaichanganya mno. Feki ni kitu kinachosema uongo juu ya jina lake. Betri inayoandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza, hiyo ni feki, na anayeiuza ni mwizi. Nakala ni kitu kinachokuambia wazi: mimi si yule, mimi nimeundwa kwa mfano wa yule, kwa kazi fulani. Makumbusho ya Speyer hayakumwambia mtu kwamba chombo chao kilifika angani. Walieleza kilivyojaribiwa, kilivyoruka na kilivyowafundisha marubani. Mgeni analipa kiingilio akijua anacholipia. Hiyo ni biashara halali.

Wamarekani nao wana kisa chao cha aina hiyo. Mwezi Aprili 2011, vyombo vyao vilipokuwa vikielekea kustaafu, shirika lao la anga, NASA, lilitangaza miji itakayovipokea. Discovery kilipewa makumbusho ya taifa ya mambo ya anga, yaliyo karibu na Washington, Endeavour kikapewa Los Angeles, Atlantis kikabaki Florida, na Enterprise kikapewa New York. Houston, mji uliokuwa ukiongoza safari zote hizo kutoka chini, ulikosa. Watu wa huko walikasirika, na ni haki yao. Walichopata ni mfano tu, uliokuwa ukionyeshwa Florida tangu mwaka 1993. Uliletwa kwa tishali kupitia Ghuba ya Mexico na kufika tarehe 1 Juni 2012.

Wangeweza kuuacha mfano ule uoze kwa hasira. Hawakufanya hivyo. Mwaka 2013 wakaupa jina, Independence, yaani Uhuru, baada ya kuwashindanisha wananchi kulitafuta. Mwaka 2014 wakaupandisha juu ya mgongo wa ile ndege kubwa ya Boeing 747 ambayo ilikuwa ikibeba vyombo halisi kutoka mji hadi mji. Leo mgeni anapanda ngazi, anaingia ndani ya mfano, anaona chumba cha marubani, kisha anashuka kuingia ndani ya ndege. Kwenye makumbusho yenye vyombo halisi, mgeni hutazama kwa nje tu, maana kitu halisi ni cha kulindwa. Nakala imekubali kuguswa na watoto wa shule.

Na Enterprise cha New York, je? Hicho nacho hakikuwahi kufika angani. Kilitumika mwaka 1977 kujaribu namna ya kutua, kama ndugu yake wa Kirusi. Juni 2012 kilipokuwa kikipelekwa mjini kwa tishali, ncha ya bawa lake iligusa nguzo za daraja la reli na kuchubuka. Kikatengenezwa, safari ikaendelea, na watu wa New York wakajipanga kando ya maji kukiona kikipita. Hakuna aliyesema kirudishwe kwa sababu hakikufika juu.

Jibu la pili kwa yule ndugu wa Bukavu ndilo kubwa zaidi: walikuwa wakishangilia kitu kilichopata mahali pa kwenda. Kabla tishali haijaondoka Rotterdam, Speyer walikuwa wanajua chombo kitashukia wapi, kitavutwa kupitia barabara ipi, na kitalala chini ya paa gani. Ndani ya mwaka ule ule wa 2008 kiliwekwa kwenye ukumbi mkubwa wa mambo ya anga, na hadi leo kipo humo. Linganisheni na Sydney, ambako aliyekodi alifikiria viingilio akasahau siku biashara itakapokwama. Linganisheni na Bahrain, ambako tamasha lilikuwa na tarehe ya kuanza lakini mzigo haukuwa na tarehe ya kuondoka. Linganisheni na Baikonur kwenyewe, ambako palikuwa na original na paa bovu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kinachookoa kitu ni mambo mawili: mwenyewe anayejulikana kwa maandishi, na mahali palipoandaliwa kukipokea. Mambo hayo yakiwapo, hata nakala itaheshimiwa. Yakikosekana, hata kitu halisi kilichoizunguka dunia kitapondwa kwenye banda lake.

Kwa wafanyabiashara wenzangu, somo hili ni la pesa taslimu. Wengi wetu tunatumia siku 3 kukagua kama bidhaa ni original na dakika 3 kusaini karatasi. Tunakodi lori kwa kuaminiana kwa simu. Watu watatu tunachangia kontena moja, hati inaandikwa jina la mmoja, na tunasema "sisi ni ndugu". Siku mmoja akifariki au akifilisika, undugu unabaki huku, mzigo unabaki bandarini. Chombo cha mita 36 chenye majina makubwa nyuma yake kilikaa karibu miaka 6 kisiwani kwa sababu ya mambo ya aina hiyo. Mzigo wako wa vitenge utatetewa na nani?

Kabla ya kupakia, basi, tuulizane maswali matatu na majibu yaandikwe. Nani mwenye mali hii kwa maandishi? Tukigombana njiani, nani analipa storeji wakati ugomvi unaendelea? Na mzigo ukifika, unashukia wapi na nani anaupokea? Anayeshindwa kujibu la tatu asipakie.

Lakini sitaki kuishia kwenye biashara, maana gazeti hili linasomwa pia na ndugu zetu waliorudi. Mwaka ule ule wa 2008, wakati tishali lile likipanda Rhine, malori yalikuwa yakivuka mpaka kutoka Tanzania kuleta nyumbani Burundi watu walioikimbia nchi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Walitoka kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walizaliwa huko huko, na kilima walichoambiwa ni chao hawakuwahi kukiona kwa macho.

Naomba nieleweke: mtu si mzigo, na simlinganishi binadamu na chuma. Ninacholinganisha ni maswali yanayoulizwa. Ndugu hawa walipofika, wapo walioulizwa swali lile lile letu la sokoni: huyu ni Mrundi halisi au ni wa kuiga? Mbona Kiswahili kinamtoka kwanza kuliko Kirundi? Mbona salamu zake ni za Tabora? Swali hilo lilitumaliza muda. Lililokuwa la maana lilikuwa jingine: karatasi zake ziko wapi, na mahali pake pako wapi? Wengi walikuta mashamba ya wazazi yana watu wengine, ambao nao walikuwa na miaka zaidi ya 30 hapo na watoto waliozaliwa hapo. Wengine wakapelekwa kwenye vijiji vipya vilivyojengwa kwa wasio na mashamba. Palipokuwa na hati na mahali, watu walitulia, wakalima, wakafungua vioski. Palipokosekana, watu walikaa wakisubiri, na kusubiri kunamla mtu kama jua linavyokula rangi.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni anasa. Wazungu wana pesa za kuchezea, wanakokota chuma kisichoruka kutoka Ghuba hadi kijijini kwao. Ninaheshimu hoja hiyo, kwa sababu shilingi na faranga zetu zina kazi nyingi. Lakini pesa haikuwa tofauti pekee. Waliokipeleka Sydney walikuwa na pesa. Waliokipeleka Bahrain walikuwa na pesa. Waliounda Buran walikuwa dola kubwa iliyotisha nusu ya dunia. Wote hao walikuwa na uwezo wa kukipeleka chombo mahali. Walichokosa ni mpango wa kukaa nacho. Na mpango wa kukaa, wasomaji wangu, hauhitaji utajiri kwanza. Unahitaji watu wakae chini mapema, waandike, wakubaliane, wajue paa ni la nani na nani atalitengeneza likianza kuvuja.

Wengine watasema nataka tuache kujali ubora na tukubali feki. La hasha! Dawa feki inaua, breki feki inaua, na anayeziuza ashitakiwe. Nasema tu kwamba tukishajua kitu si cha uongo, tusimalize kazi hapo. Kitu kisichosema uongo, chenye mwenyewe na chenye mahali, kipokelewe vizuri, hata kama hakikufika juu kabisa.

Kwa wenzetu wa ofisi za forodha na za mambo ya wakimbizi, ombi langu ni fupi. Foleni ndefu za mpakani hazitengenezwi na malori wala na watu. Zinatengenezwa na majibu yanayochelewa. Kila siku mnayoipunguza kwenye kutoa hati ya mzigo ni mtaji wa mama mmoja unaookolewa. Kila hati ya kiwanja inayotolewa kwa haki ni ugomvi mmoja wa majirani unaozimwa kabla haujawaka.

Na kwetu sisi wa sokoni: tuendelee kuuliza kama ni original au feki. Ila tukishajibiwa, tuongeze maswali mawili. Mwenyewe ni nani? Na kinakwenda kukaa wapi?